Shume si chui mdogo, na mbuzi mawe si mbuzi

Mabishano yalianzia kwenye banda la kuku. Mtaani kwetu Pasua, hapa Moshi, vifaranga wanne walitoweka ndani ya wiki moja, na kila mtu alikuwa na hakika kamwona mwizi: paka dume wa rangi ya majivu, sikio la kushoto limechanika, kichwa kikubwa kama ngumi, ambaye hupenda kulala juu ya bati la choo cha nje jua likianza kupanda. Ukimsogelea hakimbii papo hapo. Anakutazama kwanza, anapima umbali, halafu anateremkia upande wa pili taratibu, kana kwamba alishapanga kuondoka hata usingekuja.

"Huyo si paka, ni mnyamapori," alisema mama mwenye kuku. "Waiteni watu wa maliasili waje wamchukue."

"Mama, ukimgusa tu umefungwa," akadakia kijana wa bodaboda. "Mnyama wa porini ni mali ya serikali."

Ndipo mzee wa nyumba ya pili akatoa simu na kutuonyesha video aliyotumiwa kwenye kundi la ukoo. Mbuzi weupe pe, manyoya marefu, wanapanda ukuta wa jabali ambao mimi nisingeupanda hata kwa ngazi. Chini yake pameandikwa: Mbuzi wa Kilimanjaro, hawajawahi kufugwa. Mzee akaniuliza, "Sasa mangi, kama hawa ni wa porini na yule paka ni wa porini, tofauti yao nini? Mbona huyu mnataka kumpiga mawe na hawa mnawastaajabia?"

Lilikuwa swali zito kuliko lilivyosikika. (Wale mbuzi si wa Kilimanjaro, niliseme hilo mapema. Nitawarudia.)

Nusu ya ugomvi ule ilikuwa ya maneno, na ajabu ni kwamba Kiswahili kilishaumaliza zamani, sema hatukisikilizi. Tuna mbwa koko na tuna mbwa mwitu, na hakuna anayewachanganya. Mbwa koko ni mbwa kama wa jirani yako, ila hana mwenyewe. Mbwa mwitu ni mnyama mwingine kabisa, masikio ya mviringo, madoa kama nguo iliyomwagikiwa rangi, vidole vinne mguu wa mbele badala ya vitano, na hakuna zizi lililowahi kumlea babu yake. Hata wakikutana jaa moja, mmoja ni wa nyumbani aliyepotea na mwingine ni wa porini aliyetembea.

Kwa paka ni hivyo hivyo. Paka mwitu, ambaye wengine humwita kimburu, ni mnyamapori. Shume ni paka wa nyumbani aliyeasi nyumba, au aliyezaliwa na paka aliyeasi. Neno lenyewe ni la dume, ingawa mtaani siku hizi hata jike anaitwa shume. (Na mwanamume anayezungukia nyumba za watu usiku naye huitwa hivyo, lakini huyo ana sheria zake.)

Kwa mbuzi, je? Hatuna "mbuzi koko". Jaribu kulisema uone linavyochekesha. Kukosekana kwa neno hilo kuna sababu, nayo imo ndani ya jibu la swali la mzee.

Ukitaka kujua mnyama ni wa upande gani, kuna maswali matatu, na ugomvi wetu ulitokana na kuyafanya moja. Je, ukoo wake uliwahi kufugwa? Je, yeye mwenyewe anaishi na watu? Je, hapa alipo ni kwao?

Anayeujua mgomba na kahawa ataelewa haraka. Chukua kihamba, yaani shamba la ukoo, kilichotelekezwa. Babu alifariki, watoto wako Dar, miaka kumi hakuna aliyeshika mkasi wa kupogolea. Mibuni imerefuka hadi buni hazifikiki, zinadondoka zenyewe, miche inaota chini kama magugu. Ukipita haraka utasema ni pori. Lakini ng'oa mche mmoja, uupande panapotunzwa, uupogoe: ni kahawa ileile ya babu. Pembeni umesimama mringaringa uliojiotea, ambao hakuna mtu aliyeupanda. Miti yote miwili inaishi bila mkulima. Mmoja ni wa shambani ulioachwa, mwingine ni wa msitu toka mwanzo. Halafu kuna lile swali la tatu, ambalo watu hulisahau: mbuni wenyewe ni mgeni hapa. Kahawa iliingia Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19 kwa mikono ya wamisionari. Mringaringa ni mwenyeji.

Shume ni ule mbuni.

Tatizo ni kwamba neno letu "kufuga" limebeba mizigo miwili. Tunasema tunafuga ng'ombe wa maziwa, na tunasema fulani anafuga kasuku aliyemkamata msituni. Ng'ombe kabadilishwa na binadamu kizazi baada ya kizazi, kwa maelfu ya miaka, hadi upole uko ndani ya damu yake. Kasuku yule kazoea mtu tu. Mazoea yake yatakufa naye. Ukitaka kuwatenganisha, usimwangalie mnyama mwenyewe, mwangalie mtoto wake. Mtoto wa shume akichukuliwa mapema na kulelewa jikoni, anakuwa paka wa jikoni, basi. Mtoto wa paka mwitu unaweza kumnywesha maziwa kwa chupa hadi akuzoee wewe, lakini watoto wake watazaliwa paka mwitu, na itabidi uanze upya.

Kinachochanganya ni kwamba paka hawa wawili ni ndugu wa karibu mno. Paka wa nyumbani duniani kote, yule wa London na yule wa Soko la Mbuyuni, wanatokana na paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Karibu, ambaye jina lake la kisayansi ni Felis lybica. Watu walipoanza kulima na kuhifadhi nafaka, miaka kama 10,000 iliyopita, ghala zilileta panya, panya wakaleta paka. Kisiwani Kupro pamefukuliwa kaburi la miaka 9,500 hivi ambamo mtu alizikwa na paka wake. Lakini tofauti na ng'ombe, paka hakufungwa kamba na kuswagwa hadi nyumbani. Alikuja mwenyewe, akaona panya wapo na mawe harushiwi, akabaki. Ndiyo maana kurudi nyuma kunamwia rahisi: binadamu alimbadilisha kidogo sana. Silaha zote anazo, kucha, macho ya usiku, subira.

Utamtambuaje paka mwitu halisi? Ana miguu mirefu inayomfanya akikaa aonekane wima kama sanamu. Nyuma ya masikio ana wekundu wa kutu. Mkia una pete na ncha nyeusi. Rangi yake ni ya mchanga au majivu yenye michirizi hafifu. Ukiona mabaka meupe kifuani, miguu kama iliyovaa soksi, au weusi wa mwili mzima, huyo ana damu ya jikoni. Shume wetu wa Pasua ana kidevu cheupe na soksi mbili. Kesi imekwisha.

Wapo wengine wanaosingiziwa. Mnyama mrefu mwembamba mwenye madoa na mkia wa pete anayeingia bandani usiku mara nyingi ni kanu, ambaye si wa jamii ya paka hata kidogo na hawezi kuzaa na paka, hata wazee wa kijiweni waapeje. Mondo, yule mrefu wa masikio makubwa, ni wa jamii ya paka kweli, ila ni mkubwa mara mbili au tatu ya shume, na ukimwona hutauliza.

Kuna jambo moja linalowasumbua wahifadhi kuliko vifaranga wa mtu. Kwa kuwa shume na paka mwitu ni ndugu, wanazaana, na watoto wao nao wanazaa. Kila makazi yanaposogelea mapori, shume husogea nayo, na damu ya paka mwitu inachanganyika kidogo kidogo. Hakuna risasi wala mtego, na sura inabaki karibu ileile, ila baada ya vizazi kadhaa paka mwitu wa asili hayupo tena. Hii ndiyo hatari kubwa anayoileta shume huku kwetu, na ndiyo isiyozungumzwa mtaani kwa sababu haili kuku.

Sasa mbuzi wa video ya mzee. Wale weupe wa manyoya marefu ni wa Amerika Kaskazini, kuanzia Alaska na magharibi mwa Kanada kushuka hadi milima ya Rocky. Wanaitwa mbuzi wa mlimani, lakini hawamo kwenye jenasi ya mbuzi; ni binamu. Afrika hawapo. Aliyeandika "Kilimanjaro" aliona theluji akamaliza.

Kwato zao zinastahili aya yake. Kila ukwato umegawanyika vidole viwili vinavyoweza kutanuka. Ukingo wa nje ni mgumu, unashika ufa wa jiwe. Katikati kuna nyama ngumu inayovutika kama mpira, iliyotokeza kidogo kupita ukingo, nayo inang'ang'ania jiwe laini. Nikimweleza mzee nilimwonyesha katambuga alizovaa: tairi chini ya mguu, na kingo zinazouma ardhi. "Kumbe Mmasai na huyu walisoma shule moja," akasema.

Mnyama huyu ni kinyume cha shume karibu kwa kila kitu. Ukoo wake haujafugwa kamwe. Paka jike anaweza kubeba mimba akiwa na miezi sita au hata kabla, anabeba kwa wiki tisa hivi, anazaa wanne au zaidi, na ndani ya mwaka anaweza kurudia. Mbuzi wa mlimani huchelewa miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Ukiwaua shume kumi, baada ya miezi sita umerudi ulipokuwa. Ukiwaua mbuzi wa mlimani kumi kwenye kundi dogo, umelijeruhi kwa miaka mingi.

Lakini usikimbilie kusema basi wa porini ni mwema na aliyeasi ni mbaya. Katika miaka ya 1920, kabla Hifadhi ya Olympic huko Marekani haijaanzishwa mwaka 1938, mbuzi wa mlimani wachache walipelekwa kwenye milima ile ili wawindaji wapate kitu cha kuwinda. Hawakuwa wa pale. Walizaana hadi wakazidi 1,000 miaka ya 1980, wakakanyaga na kula mimea isiyopatikana kwingine. Na kwa kuwa milima ile haina magadi ya asili ya kulamba, wakajifunza kuwafuata wapanda mlima kwa ajili ya chumvi ya jasho na ya mkojo. Ndiyo, walikuwa wanasubiri watu wajisaidie. Mwaka 2010 dume mmoja alimuua mtu. Kati ya 2018 na 2020 mbuzi zaidi ya 300 walinaswa, wakafungwa vitambaa machoni, wakaning'inizwa chini ya helikopta na kuhamishiwa milima ya Cascade, ambako ni kwao. Mnyama yuleyule, damu ileile. Kilichokuwa kibaya ni jibu la swali la tatu.

Huku kwetu tunaye anayeitwa mbuzi mawe, na hapo ndipo watu wengi wa Arusha na Moshi hukwama. Mbuzi mawe si mbuzi. Ni swala mdogo wa kwenye majabali. Tusijilaumu sana: hata wanasayansi walimpa jina Oreotragus, maneno ya Kigiriki yenye maana ya beberu wa mlimani.

Nilimwona kwa karibu mara moja tu, nilipopanda Meru. Tulikuwa tumeshauacha msitu nyuma, juu ya kibanda cha Saddle, askari wa hifadhi aliyetutangulia na bunduki begani akainua mkono. Hatua kama ishirini mbele, juu ya jiwe lisilozidi ukubwa wa stuli, walisimama wawili. Wadogo, kimo cha goti na kidogo. Kinachokushangaza ni miguu: hawakanyagi kama mbuzi, wanasimama kwenye ncha kabisa za kwato, kama mtu anayevuka tope kwa vidole akiogopa kuchafua suruali. Manyoya yao ni magumu na yana uwazi ndani, yanawakinga baridi na hata michubuko ya mawe. Mmoja akasogea kwenye kijiti kikavu, akakielekezea jicho pole pole hadi nikadhani atajichoma. Kabla ya kugusa jicho, kijiti kikagusa tezi nyeusi iliyo mbele yake, akajisugua kidogo, akaacha tone jeusi kama lami. "Kaandika jina," alisema askari. Wanaishi dume na jike, na kwa matone yale wanaweka mpaka wa eneo lao.

Mbuzi wa kufugwa, yule wa ndafu, hana undugu wa karibu na huyo. Babu yake ni mbuzi mwitu wa milima ya Mashariki ya Kati, na ufugaji wake ulianza miaka kama 10,000 iliyopita, sehemu za milima ya Zagros, Iran. Mbuzi mwitu wa kweli aliye jirani zaidi na sisi yuko Ethiopia, kwenye milima ya Simien, naye ni adimu mno. Tanzania hakuna.

Na mbuzi wa kufugwa anaweza kuasi? Anaweza, tena vibaya. Mwaka 1959 wavuvi waliwaacha mbuzi watatu kwenye kisiwa cha Pinta, katika visiwa vya Galápagos. Miaka isiyozidi kumi na tano baadaye walikadiriwa kuwa makumi ya maelfu, na kisiwa kimebaki upara. Kobe wa Pinta, ambao mabaharia walishawamaliza karibu wote kwa kuwala, hawakuachiwa hata kichaka. Wa mwisho wao, aliyepewa jina Lonesome George, alikufa Juni 2012. Paka wamefanya la kwao kisiwani Marion, kisiwa cha Afrika Kusini karibu na barafu: watano waliletwa mwishoni mwa miaka ya 1940 ili wawale panya wa kituo cha hali ya hewa, kufikia 1977 walikadiriwa 3,400 hivi, wakila ndege wa baharini kwa mamia ya maelfu kila mwaka. Paka wa mwisho aliondolewa mwaka 1991, baada ya kazi ya miaka mingi.

Sasa unaona kwa nini hatuna "mbuzi koko". Pinta hakukuwa na chui, fisi wala binadamu mwenye njaa ya mchemsho. Mbuzi akipotea Longido jioni, asubuhi ni mifupa, na asipoliwa na fisi basi kuna mtu atakayesema kaokota. Kule Kibosho na Machame ndiyo kabisa, mbuzi yuko bandani analetewa majani ya mgomba. Hajui hata kutafuta. Shume yeye ni mdogo, anajificha mchana, na tena tunamlisha bila kujua: jaa lisilozolewa, mifupa ya bucha, panya wa ghala la mahindi.

Nilimjibu kijana wa bodaboda pia, maana naye alikuwa na nusu ya ukweli. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, inamlinda paka mwitu na mbuzi mawe. Kumuua mbuzi mawe bila kibali ni ujangili, hata kama jina lake lina neno mbuzi na hata kama ulimkuta nyuma ya shamba lako. Shume hamo humo. Yeye ni wa upande wa mifugo, kwa hiyo mlango wa kubisha ni wa afisa mifugo wa kata. Lakini kutomo humo hakumaanishi umwagie maji ya moto. Ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, na ukatili kwa mnyama yeyote wa nyumbani ni kosa, awe na mwenyewe au hana. Sumu ndiyo mbaya zaidi: haichagui, inaua mbwa wa jirani, inaua bundi aliyekuwa anakusaidia panya.

Na kumhamisha? Ukimfunga kwenye kiroba ukamwachia Kiboriloni, pengo lake linajazwa na dume mwingine ndani ya wiki chache, kwa sababu jaa liko palepale. Kinachopunguza idadi ni kuwahasi, kuwachanja kichaa cha mbwa (ndiyo, paka pia huugua na kuambukiza) na kuwarudisha walipokuwa, huku taka zikizolewa. Ni kazi ya polepole na haifurahishi kijiweni.

Kwa wenye mbuzi wa ndani kuna la ziada, na nashangaa halisemwi. Paka, hasa wadogo, wanaweza kubeba vimelea vya toksoplasma, na mayai ya vimelea hivyo hutoka na kinyesi chao. Paka hupenda kulala na kujisaidia kwenye majani makavu ya mbuzi. Mbuzi mwenye mimba akila majani hayo anaweza kutupa mimba, na mfugaji akamlaumu mke mwenza wa jirani. Funika majani. Mama mjamzito naye asisafishe uchafu wa paka, amwachie mwingine.

Wiki mbili baada ya mabishano, mama mwenye kuku alikuta paka wachanga watatu kwenye kiroba cha maranda nyuma ya banda, mmoja ana kidevu cheupe. Wawili wakachukuliwa wakiwa na wiki tano hivi, umri ambao paka bado anajifunza nani ni wake. Leo wanalala kwenye kapu la vitunguu, na mmoja wao anakera kwa jinsi anavyodai kubebwa. Wa tatu alitoroka siku ile, akanaswa akiwa na miezi mitatu. Huyo yuko chini ya kabati hadi sasa, anakula usiku watu wakilala, na mama akiinama kumwita, anachoona ni macho mawili na anachosikia ni mkoromo.

"Tumbo moja," ananiambia, "na maziwa ni yaleyale."

Dume la sikio bovu bado liko kwenye bati.